Matunda na afya ya moyo: maswali kutoka Nyanda za Juu Kusini

Sisi Rungwe tunalima ndizi na maparachichi. Kweli tunahitaji kufundishwa kula matunda?

Kulima ni jambo moja, kula ni jingine. Msimu wa parachichi ukifika, macho yote yako kwa mnunuzi. Yenye ganda safi yanaingia kwenye kreti, yenye mabaka wanamwagiwa nguruwe, na hela ikipatikana watoto wananunuliwa soda. Sisemi msiuze. Nasema tu kabla gari halijafika, weka pembeni sado moja ya nyumbani. Hata lile lililokataliwa kwa sababu ya baka la juujuu, ndani ni zima.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, sawa na mafungu matano ya gramu 80. Viazi na mihogo havimo kwenye hesabu hiyo. Ndipo wengi tunapokwama huku: sahani imejaa viazi mviringo au mbalaga (ndizi za kupika), mtu anajiona amekula vya shambani, kumbe amekula wanga.

Tunda linausaidiaje moyo?

Kwa njia kadhaa, ila mbili ndizo kubwa. Kwanza ni potasiamu, iliyomo kwa wingi kwenye ndizi mbivu na parachichi. Inasaidia figo kutoa chumvi iliyozidi mwilini kwa njia ya mkojo na kulegeza kuta za mishipa ya damu, hivyo presha inashuka kidogo.

Pili ni nyuzinyuzi, hasa zile zinazoyeyuka kwenye maji, kama za pera na chungwa. Zikifika tumboni zinanasa nyongo na kutoka nayo chooni. Ini linalazimika kutengeneza nyongo nyingine, na malighafi yake ni lehemu (kolesteroli), ambayo linaichota kwenye damu. Parachichi nalo lina mafuta ambayo, ukiyala badala ya samli au siagi, hupunguza lehemu mbaya. Hilo neno "badala" lizingatie. Ukila parachichi juu ya chapati iliyoogelea mafuta, umeongeza mafuta tu.

Natoka nyumbani alfajiri kwenda sokoni Mwanjelwa. Nitapata wapi muda wa kumenya matunda?

Ndizi mbivu haihitaji kisu wala sahani. Chukua mbili, moja ya kunywea chai badala ya andazi, nyingine ya saa nne. Mkate paka parachichi lililopondwa, tone la ndimu likitosha. Sukari achana nayo. Kwenye kande na wali watu wa huku hawahitaji kuambiwa, parachichi ni mboga tayari. Nusu kwa mlo inatosha, maana linashibisha na linanenepesha pia.

Nyumbani, weka matunda yaliyooshwa mezani, mahali mkono unapofika. Yakikaa kwenye mfuko jikoni yanaoza huku kila mtu akisema hakuna cha kula. Maparachichi magumu yaweke pamoja na ndizi mbivu kwenye mfuko wa karatasi, yataiva mapema. Yale ya aina ya Hass ganda huwa jeusi yakiiva. Ya kienyeji mengi hubaki kijani, hivyo bonyeza taratibu karibu na kikonyo.

Epo ni bora zaidi? Hospitalini ndizo watu wanazopeleka.

Epo ni tunda zuri, na Makete na Njombe wanazilima. Lakini kununua moja iliyotoka Afrika Kusini kwa bei ya fungu zima la mapera ni heshima tu, moyo hauoni tofauti. Kula cha msimu: maembe ya Kyela yakishuka bei, pasheni, matunda damu, hata masuku ya porini yanayouzwa barabarani mvua zinapoanza.

Na juisi?

Juisi ya kukamua na kuchuja imeachana na nyuzinyuzi nyingi, sukari imebaki. Ya boksi iliyoongezwa sukari ni mbaya zaidi. Ukienda kumwona mgonjwa wa presha, mbebee ndizi.

Mwenye kisukari anaweza kula tunda zima, kidogo kidogo, si yote kwa mkupuo.

Embe bichi kwa chumvi na pilipili?

Pilipili haina neno. Chumvi ndiyo shida: kikomo cha siku nzima ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imo ya mboga na maharage. Kama una presha, jaribu pilipili na ndimu peke yake. Ulimi unazoea baada ya wiki chache.

Natumia dawa za presha. Kuna tunda la kukwepa?

Balungi. Linaweza kuongeza nguvu ya baadhi ya dawa mwilini kupita kiasi, zikiwemo nifedipini ya presha, na simvastatini na atorvastatini za lehemu. Chungwa la kawaida halina tatizo hilo.

Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia spironolaktoni, losatani au enalapili, asijiongezee ndizi na maparachichi kwa wingi kabla ya kuongea na daktari, kwani potasiamu ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Siku ya kliniki nenda na dawa zenyewe kwenye pakiti zake na uulize. Na usiache dawa kwa sababu umeanza kula matunda.