Je, wajua kwa nini mikokoni hutembewa juu ya mbao?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa fupi: ili tusichafuke. Mtoto akiniuliza pale Mida, "Mjomba, mbona hatupiti chini?" namwonyesha tope jeusi, kisha namwonyesha viatu vyake vya Idi, na mazungumzo yamekwisha. Nimewapa jibu hilo wapwa zangu wote, mmoja baada ya mwingine, nami nikijiona mwalimu. Kumbe nimelishika jambo kwa mkia. Mbao zinamkinga mtoto na tope, sikatai, lakini kazi yake kubwa ni kuukinga mti na mguu wa mtoto.

Kwanza mahali, kwa ufupi. Hori ya Mida ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu nyuma ya Watamu, kusini mwa Malindi, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Pana daraja la kuning'inia, mbao juu ya nyaya, urefu wake mita 260 hivi, linalokatiza mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio husaidia karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu na hori, kwa mpango ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya. Jirani yake, Dabaso, kikundi cha wanakijiji kina njia yake ya mbao inayokufikisha kwenye mkahawa wa Crab Shack, ambako sambusa ni za kaa. Huko kusini, Gazi na Wasini, njia kama hizi huendeshwa na vikundi vya akina mama. Lamu ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini kule watu huiona zaidi wakiwa chomboni, au wakiwa kitandani wakitazama dari: boriti zile ni mikoko, na vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba kwa kuwa boriti haifiki mbali. Basi, turudi topeni.

Siku niliyosahihishwa, maji yalikuwa yamekupwa. Kijana aliyekuwa akituongoza alisimama katikati ya daraja akamwambia mpwa wangu wa miaka 6 atazame chini ya mti mmoja, mchu, aina mojawapo ya mikoko, ahesabu vile vijiti. Vilikuwa vingi kuliko hesabu yake: vimesimama topeni kama penseli zilizochomekwa, urefu wa shibiri moja au pungufu, vimeuzunguka mti pande zote hadi mita kadhaa kutoka kwenye shina.

"Hivyo si vijiti," akasema. "Ni pua."

Mtoto akacheka. Mimi nikatabasamu tabasamu la mtu mzima anayejua kwamba wageni hupenda kuambiwa mambo ya namna hii. Nilikuwa na maelezo yangu kichwani: vile ni vichipukizi, miche ya mchu inayongoja kukua. Nimeishi na mikoko maisha yangu yote na hilo ndilo nililoliamini. Nilipofika nyumbani nikasoma, nikakuta kijana yuko sahihi karibu neno kwa neno. Mche wa mchu una majani. Kijiti kile hakina jani wala hakitakuwa na jani, kwa sababu ni mzizi ulioamua kwenda juu.

Kosa langu lilikuwa na mzizi wake pia, tena mrefu. Nilidhani mkoko ni mti wa majini, kwa hiyo unapenda maji kama samaki anavyoyapenda. Wengi wetu twadhani hivyo. Lakini mzizi wowote, wa mnazi au wa mkoko, unapumua: unatumia oksijeni usiku na mchana. Mti wa kawaida huipata ardhini, katika nafasi ndogondogo zilizo baina ya chembe za udongo. Ndiyo maana mvua kubwa ikituamisha maji uani, mpapai hunyauka baada ya siku chache, majani yakilegea kana kwamba umekosa maji, ilhali umezama ndani yake. Haukufa kwa kiu. Umekosa pumzi chini. Mkoko nao ungekufa vivyo hivyo. Hauna kinga ya ajabu dhidi ya maji. Kilichouokoa ni bomba.

Nilikuwa na kosa la pili, dogo, la harufu. Mikokoni hunuka yai viza, na kila safari kuna mtoto atakayemsingizia mwenzake. Nilidhani ni uchafu unaotoka mjini. Hapana. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, kama mara 10,000 polepole kuliko hewani, na tope la mikokoni limejaa maji. Chembe kidogo ya oksijeni inayopenya hutumiwa na bakteria katika milimita chache za juu. Chini ya hapo huishi bakteria wa aina nyingine, wasiohitaji oksijeni, na pumzi yao ndiyo ile harufu. Kwa maneno mengine, pua ya mtoto imekwisha kupima kwamba humo chini hamna hewa. Ndipo mti ulipochomeka mizizi yake.

Sasa bomba lenyewe, na hapa naomba tuende taratibu, maana ndipo penye utamu. Ukikata kijiti kimoja (usikikate, nimekwisha kukuambia) utakuta ndani ni kama sponji ya godoro: nafasi tupu nyingi zilizoungana, kutoka nchani hadi kwenye mizizi iliyolala chini ya tope. Kwenye gome lake mna vitundu vidogo sana. Vitundu hivyo hupitisha hewa lakini havipitishi maji, kama turubai zuri la mwavuli: ukipuliza, pumzi hupita, ukimwagia maji, yanateleza. Kwa hiyo maji yanapokupwa, hewa huingia vitunduni, hushuka kwenye sponji, huufikia mzizi.

Je, maji yakijaa na kuvifunika vijiti? Hapa chukua pakiti ya juisi, ile ya mrija, ambayo kila mtoto huibeba safarini. Mtoto anapofyonza, pakiti hukunjamana mbavu. Akiuachia mrija, husikika "fyuu", hewa imerudi ndani na pakiti imetanuka. Mzizi uliofunikwa na maji hufanya jambo la karibu na hilo. Vitundu vimezibwa na maji, hewa iliyomo ndani ndiyo akiba pekee. Mzizi unaitumia oksijeni yake saa baada ya saa. Kwa kupumua hutoa hewa ya kabonidioksidi, ambayo ingejaza nafasi iliyoachwa, ila hewa hiyo ni nyepesi kuyeyuka majini, nayo huyeyuka ikaenda zake. Basi ndani ya sponji hubaki pengo. Shinikizo la hewa hushuka chini ya lile la nje. Bahari inapokupwa na vitundu vinapofunuliwa tena, fyuu: hewa mpya huvutwa ndani.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara 2 kwa siku, kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa hiyo mchu wa Mida, pale maji yanapoufikia, huvuta pumzi ndefu mara mbili kwa siku, na anayempigia hesabu ni mwezi. Nimejaribu kulitafakari jambo hili bila kushangaa, sijaweza.

Nisiongeze chumvi, hata hivyo. Mwaka 1955 mtafiti P. F. Scholander na wenzake walichapisha vipimo vyao: waliziba vitundu vya mizizi kwa grisi, na baada ya siku 2 oksijeni iliyokuwamo kwenye mizizi ya chini ikawa imeshuka hadi asilimia 2 hivi. Ushahidi huo wa bomba ni mzito. Lakini mikoko waliyoipima ni ya upande wa Amerika, binamu za huku kwetu. Tena mvuto wa "fyuu" ni sehemu tu ya kazi. Maji yakishapwa, hewa huendelea kuingia yenyewe polepole bila kuvutwa, na kwa miti mingine huenda hiyo ndiyo njia kuu. Aidha pua si za sura moja. Mchu una penseli, mlilana una vigingi vinene zaidi, mui una mizizi iliyopinda ikatoka topeni kama goti la mtu aliyechuchumaa, mkomafi una mizizi iliyosimama kama ubao uliolazwa kwa ubavu. Mkoko wenyewe, ule wa miguu mingi, hupumulia miguuni mwake, kwenye mizizi inayoshuka kutoka shinani. Mtoto anaweza kuwinda sura hizo tano bila kushuka darajani, na ni mchezo mzuri kuliko kuhesabu mbao.

Turudi kwa mguu wa mtoto. Ukikanyaga penseli, inavunjika. Ukikanyaga tope, unalishindilia na kuziba mashimo ya kaa, ambayo nayo ni njia za hewa na maji kuingia chini. Mguu mmoja haufanyi kitu. Wavuvi na wachimba chambo hupita mikokoni kila siku na mikoko ipo. Hata idadi ya miguu inayotosha kuuchosha msitu haitajiki kwa tarakimu moja, maana tope hutofautiana. Ila miguu ya wageni ina tabia ya kufuatana pale pale penye picha nzuri, na hapo ndipo tope hugeuka sakafu. Mbao zinaikusanya miguu yote juu ya mstari mmoja. Daraja la kuning'inia linazidi hapo, kwa kuwa halihitaji nguzo kila hatua mbili.

Kuning'inia huko kuna bei yake: linayumba. Watoto wakipiga hatua kwa pamoja litayumba zaidi, kwa sababu ile ile inayokufanya umsukume mtoto bembeani anapoanza kurudi, si anapokuja. Kidole kimoja kwa wakati wake chatosha. Dawa ni kuwatawanya, mmoja mbele, mmoja nyuma, mtu mzima katikati, na mbio marufuku. Mita 260 ni umbali ambao mtoto wa miaka 4 huenda na kurudi kwa miguu yake, hata akisimama kila mbao ya kumi. Kigari cha mtoto mchanga kiache garini. Mgongoni kwa leso ndiyo njia. Na mbao huoza kwa unyevu, basi uliza hali ya daraja kabla hujawapakia watoto, na wewe utangulie.

Lakini swali ambalo watu hawaulizi wanapochagua matembezi haya ni saa. Huuliza umbali, huuliza kiingilio, kisha huja saa wanayoitaka wao na kukuta pua zote zimezama, au wakakuta uwanda wa tope na ndege wote wako mbali kama punje za mchele. Tazama kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe za Kiislamu. Mwezi mwandamo na mwezi 15, na siku moja mbili zinazofuata, ni bamvua: pwani yetu maji hupwa sana kuanzia saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi 7 au 8, na tena 22 au 23, ni maji mafu. Bahari haijai sana wala haipwi sana, na mikoko ya ndani huenda isiguswe na maji kabisa.

Kwa watoto wadogo nachagua bamvua, asubuhi, maji yakiwa yanamalizia kupwa. Ndipo pua zinapoonekana zote, na kaa wadogo wa kiume hutoka wakipunga lile gando lao moja kubwa, wakimwita jike au wakimfukuza jirani. Kwa wakubwa kidogo, wanaoweza kunyamaza, nachagua maji yakiwa yanapanda: yanavyofunika uwanda, ndege husukumwa karibu na kibanda, heroe mara nyingine, na yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kupasulia kaa, mgeni kutoka pwani za Uarabuni na Pembe ya Afrika ambaye, tofauti na ndege wenzake wa pwani, hutagia ndani ya shimo la mchanga. Kisha Dabaso, jioni, maji yakiwa yamejaa chini ya mbao na jua likishuka nyuma ya mikoko.

Mpwa wangu alikula sambusa tatu za kaa kabla hajauliza kama kaa huyu naye alikuwa na shimo. Nikasema ndiyo. Akaiwaza ile ya nne kidogo, akaila.

Ukienda, beba pakiti mbili za juisi kwa kila mtoto. Ya maonyesho haitafika darajani.