Wakala wa Kweli Hakuombi Pesa ya Kusoma Mswada

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka kwa kijana ambaye uandishi wake nauheshimu: "Mwalimu, nimepata wakala wa Uingereza. Ameipenda riwaya yangu, anataka shilingi elfu arobaini za kuisoma na kuisajili. Nimtumie zote ama nusu kwanza?"

Usitume zote, usitume nusu. Hujapata wakala wa fasihi, yaani mtu wa kukutafutia mchapishaji atakayenunua kitabu chako. Umepata mtu anayetaka elfu arobaini.

Kazi yangu ni kuhariri riwaya hapa Nairobi, na kabla ya hapo nilikaa miaka kwenye dawati la haki na mikataba la mchapishaji. Katika miaka hiyo yote, imani kwamba mwandishi humlipa wakala ili aanze kazi ndiyo nimeona ikivunja watu moyo kuliko barua za kukataliwa. Barua ya kukataliwa huuma wiki moja. Mtu aliyetoa karo ya mdogo wake akaipeleka kwa tapeli huacha kuandika kabisa, na wengine wao walikuwa na vitabu vizuri.

Kwa hivyo tuanze na pesa. Wakala wa fasihi hula kamisheni. Kiwango kilichozoeleka London na New York ni asilimia 15 ya mauzo ya soko la kwao, na asilimia 20 haki zinapouzwa nchi za nje au kwa tafsiri, kwa kuwa hapo mara nyingi hugawana na wakala mwenzake wa huko. Mchapishaji humlipa wakala, wakala anakata fungu lake, kisha anakutumia zilizobaki pamoja na hesabu iliyoandikwa. Tuseme malipo ya awali, yaani pesa ambazo mchapishaji anakuahidi kabla kitabu hakijauzwa, ni pauni 10,000. Hazitoki kwa mkupuo: kwa kawaida kuna fungu la kutia sahihi, fungu la mswada wa mwisho kukubaliwa, na fungu la kitabu kutoka. Katika hizo zote, cha wakala ni 1,500. Riwaya isiponunuliwa, hapati kitu, hata kama amekaa na mswada wako miezi sita akikuandikia maoni na kukurudisha kwenye sura ya saba mara tatu.

Hapo mtu huniambia, "Lakini hakuna anayefanya kazi bure." Kweli, na wala yeye hafanyi bure. Amekadiria kwamba kitabu chako kitauzika, na riziki yake imefungwa kwenye makadirio hayo. Ndiyo sababu hukataa karibu kila kinachomfikia, na ndiyo sababu anapokubali, kukubali kwake kuna uzito. Anayetoza kila mwandishi elfu arobaini ameshakula siku ujumbe wa M-Pesa ulipoingia. Hana haja ya kumtafuta mhariri wa kununua kitabu chako. Ana haja ya kumtafuta mwandishi mwingine. Vyama vya mawakala, Association of Authors' Agents cha Uingereza na Association of American Literary Agents cha Marekani, vina kanuni zinazokataza kumtoza ada ya kusoma mtu anayeomba kuwakilishwa, na sababu ni hiyo hiyo.

Naelewa imani hii imetoka wapi. Ukitafuta nyumba Kasarani au Rongai, ajenti anakutoza pesa ya kuonyeshwa kabla hajafungua mlango, uipende usiipende. Tumeizoea hadi tunaona anayetoza ndiye mtu wa kazi. Tena waandishi wengi hapa huanza kwa kujichapishia: unamlipa mhariri, unamlipa msanifu wa jalada, unamlipa mwenye mashine ya kuchapa River Road, unabeba maboksi yako na kuanza kuuza. Hiyo ni biashara halali na wapo walioifanya vizuri. Shida huanza mtu anapohamisha kanuni za kujichapishia na kuzipeleka kwa wakala. Kwa mwenye mashine, wewe ni mteja unayenunua huduma. Kwa wakala, kitabu chako ndicho bidhaa na mchapishaji ndiye mnunuzi. Pesa zinaingia kutoka upande ule.

Sasa nifike kwenye lile linalonikera zaidi, maana "usilipe ada ya kusoma" siku hizi matapeli nao wanaijua, na wamebadilisha mlango.

Barua inakuja hivi: tumeipenda riwaya, hatutozi chochote, ila mswada wako unahitaji kupigwa msasa kidogo kabla hatujaupeleka kwa wachapishaji. Tunaye mhariri tunayemwamini. Wasiliana naye. Mhariri anataja bei. Mwandishi anafurahi kwa sababu hajamlipa wakala, amemlipa mhariri, na si kila mtu husema mswada lazima uhaririwe? Miezi mitatu baadaye anaambiwa sasa unahitaji "tathmini ya soko", halafu "kifurushi cha matangazo". Huyo mhariri na huyo wakala ni mfuko mmoja, na hata wakiwa wawili kweli, kuna asilimia inayorudi. Ishara ya kuangalia ni ahadi iliyofungwa kwenye malipo: lipa hapa ndipo tukuwakilishe. Wakala wa kweli anaweza kukwambia mswada haujaiva, na anaweza hata kukushauri utafute msaada, lakini hakuelekezi kwenye mfuko mmoja mahususi halafu akakungoja upande wa pili na mkataba.

Naandika haya nikijua kwamba mimi mwenyewe hulipwa na waandishi kuhariri. Ndiyo maana nimejiwekea mpaka: ninayemhariri simwahidi wakala wala mchapishaji. Na nina shaka na ushauri unaosambazwa kila mahali kwamba riwaya ya kwanza lazima ipite kwa mhariri wa kulipwa kabla ya kwenda kwa wakala. Nimesoma miswada iliyofika mbali kwa msaada wa wasomaji watatu wakali wasiolipwa, na nimesoma mingine iliyolipiwa sana ikapoteza sauti yake njiani. Kama pesa zako ni za kodi ya nyumba, tafuta wasomaji wakali kwanza.

Mlango mwingine ni wa kuiba majina. Unapata barua pepe kutoka kwa wakala aliyepo kweli, anayefanya kazi katika ofisi iliyopo kweli, na ukimtafuta mtandaoni unamkuta na picha yake na orodha ya waandishi wake. Unatulia. Lakini anwani iliyotuma ile barua ni ya bure ambayo yeyote anaweza kuifungua, au ya tovuti yenye herufi moja iliyoongezwa. Usijibu barua ile. Nenda kwenye tovuti ya ofisi yenyewe, chukua anwani iliyoandikwa pale, uwaulize kama ni wao. Wenye majina wenyewe wamechoshwa na wizi huu, na wengi wameweka onyo kwenye kurasa zao.

Je, wakala wa kweli hawezi kukuandikia wewe kwanza? Anaweza. Wapo wanaosoma majarida ya fasihi, na orodha ya wateule wa Caine Prize, tuzo ya hadithi fupi za Waafrika, huwa inafuatiliwa. Mwandishi wa hadithi fupi iliyotajwa pale anaweza kuamka akakuta barua. Lakini hapo kuna kitu alichokisoma, na atakitaja kwa jina. Kama hujachapisha popote na mtu anasifu "kitabu chako cha ajabu" bila kumtaja hata mhusika mmoja, hajasoma.

Mambo ya maandalizi nitayapitia haraka, maana yanapatikana kwingi. Riwaya iwe imekamilika. Usimwandikie wakala ukiwa sura ya tano. Kwa riwaya ya watu wazima, maneno kati ya 80,000 na 100,000 hayamshtui mtu. Barua ya kwanza iwe ukurasa mmoja: kitabu ni cha nini, kina urefu gani, kwa nini umemwandikia yeye, wewe ni nani. Muhtasari useme mwisho wa hadithi, usiufiche. Mawakala wengi wa Uingereza huomba sura tatu za mwanzo. Wa Marekani mara nyingi huomba kurasa chache tu, au barua peke yake. Soma ukurasa wa maelekezo wa kila mmoja na ufanye alivyosema. Waandikie kadhaa kwa mpigo na uweke daftari. Ukimya wa miezi mitatu mara nyingi ndilo jibu.

Kuhusu kukataliwa kwenyewe, vitabu vya ushauri huzungumza kama kwamba kuna sababu inayoweza kurekebishwa kila mara. Sikubaliani. "Sikuvutiwa vya kutosha na sauti" inaweza kumaanisha sauti ni dhaifu, au wakala tayari ana riwaya inayofanana, au alisoma akiwa na homa. Barua tano zikitaja kasoro moja, rekebisha. Barua tano zisizosema lolote hazikufundishi lolote.

Halafu kuna kukataliwa kunakotuhusu sisi hasa. Riwaya ya Mganda Jennifer Nansubuga Makumbi, iliyokuja kuitwa *Kintu*, ilionekana Uingereza kuwa ya Kiafrika mno. Mwaka 2013 ilishinda shindano la miswada la Kwani?, jarida na mchapishaji wa fasihi wa hapa Nairobi, ikachapishwa hapa 2014, ikatoka Marekani 2017, na Uingereza ikafika 2018, mwaka ambao Makumbi alipata pia tuzo ya waandishi ya Windham-Campbell. Mwandishi wangu anaponiuliza kama amweleze msomaji wa nje chama cha kuchanga pesa ni nini na kwa nini shangazi hawezi kukaa chumba kile, najikuta sina jibu moja. Wakati mwingine maelezo humfungulia msomaji wa mbali mlango bila kumchosha wa nyumbani. Wakati mwingine ukurasa mzima hufa. Namwambia aandike kwanza kana kwamba anasomwa Eastleigh, halafu tuone, lakini sidai kwamba njia hiyo hufaulu kila mara.

Wakala akikubali, mtazungumza kwa simu, na hapo watu husahau kuuliza jambo ambalo kwetu ni kubwa: Afrika Mashariki itauziwa nani? Mchapishaji wa London hupenda kununua haki za Uingereza na Jumuiya ya Madola kwa pamoja, na Kenya imo ndani ya kapu hilo. Matokeo yake kitabu cha Mkenya kinaletwa kwa ndege na kuuzwa kwa bei ambayo rafiki zake hawawezi. Mwombe wakala aitenge Afrika Mashariki, au aweke kifungu cha kumruhusu mchapishaji wa hapa kutoa toleo lake la bei ya hapa. Wakati mwingine watakataa. Lakini ukishasaini, huna tena nafasi ya kuomba. Uliza pia mkataba wa wakala unavunjwaje na kwa notisi ya muda gani, ukijua kwamba kwa kitabu alichokiuza ataendelea kupata kamisheni hata mkiachana. Na uulize fomu za kodi mapema: Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuepusha kodi mara mbili, hivyo mrabaha, yaani fungu lako katika kila nakala inayouzwa, kwa mauzo ya Marekani hukatwa asilimia 30 huko kabla haujakufikia.

Haya yote ni ya riwaya inayotafuta soko la nje, aghalabu ya Kiingereza. Wanaoandika kwa Kiswahili nao huja kuniuliza wakala wa Nairobi ni nani, na hapo nasikitika zaidi, kwa sababu wanatafuta mlango wakati ukumbi uko wazi. Piga hesabu. Kitabu cha shilingi 800, mrabaha wa asilimia 10, unapata 80. Wakala angechukua asilimia 15 yake, yaani 12. Nakala 2,000 zikiuzwa, amepata shilingi 24,000 kwa kazi ya miaka miwili. Nani ataishi kwa hiyo? Uchapishaji wetu haukujengwa juu ya mawakala. East African Educational Publishers, Longhorn, Moran, Kenya Literature Bureau, Jomo Kenyatta Foundation: hawa hushughulika na mwandishi moja kwa moja.

Jua tu kwamba soko lao kubwa ni shule, na mhariri akiufungua mswada wako anafikiria pia kama KICD, taasisi ya mitaala inayopitisha vitabu vya shule, itauidhinisha. Riwaya yenye mambo ya watu wazima inaweza kukataliwa kwa sababu hiyo tu, hata ikiwa imeandikwa kwa ufundi. Hiyo ipeleke kwenye Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata miswada isiyochapishwa.

Kwa mchapishaji nenda mwenyewe. Piga simu, uliza nani anashughulikia fasihi ya Kiswahili na miswada hupokelewa kwa njia gani, tuma, na uombe barua pepe ya kuthibitisha kwamba umepokelewa. Mkataba ukija, angalia kifungu cha tafsiri na cha filamu kabla ya kile cha mrabaha, maana bila wakala ni wewe wa kusema kwamba hizo mbili unabaki nazo. Mwonyeshe wakili. Yeye mlipe.