Kutu kwenye ombwe, na dhana nyingine potofu kuhusu kupaka rangi na kuchakaza modeli za vyombo vya anga

Anayejenga modeli ya kifaru au ya ndege ya vita anaweza kutafuta picha akaona matope yalikaa wapi na rangi ilibanduka wapi. Anayejenga chombo cha anga cha kubuni hana picha ya namna hiyo. Kwa hiyo mitindo ya vifaru na malori imehamishiwa kwenye vyombo hivi bila mtu kuuliza kama inafaa, na dhana nyingi zinazorudiwa zina ukweli nusu tu. Kabla ya kuweka alama yoyote, jiulize imesababishwa na nini. Swali hilo litakuepusha na makosa mengi ya uchakazaji, yaani kuipa modeli sura ya kitu kilichotumika.

Dhana: chombo kikongwe lazima kiwe na kutu

Kutu hutokea pale chuma kinapoungana na oksijeni kukiwa na maji. Kwenye ombwe la anga, mahali pasipo na hewa, maji hayo hayapo, na vyombo halisi vya anga hujengwa zaidi kwa alumini, titani na plastiki zilizoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, vitu ambavyo havishiki kutu ile nyekundu. Michirizi ya rangi ya chungwa kwenye meli ya kusafiri kati ya nyota ni kosa la mantiki, hata ikiwa imepakwa kwa ustadi. Kutu inakubalika pale maisha ya chombo yanapoiruhusu, mfano kimetelekezwa kwenye sayari yenye hewa na mvua, au kina vipande vya chuma cha kawaida na kinatua bandarini kila siku.

Hata hivyo, chombo kisichotua hakibaki kisafi, na uchakavu wake halisi unavutia kuliko kutu. Mwaka 1984 NASA iliacha kwenye mzunguko wa dunia chombo cha majaribio kilichoitwa LDEF, kikarudishwa Januari 1990. Kilikutwa na alama zaidi ya 30,000, zinazoonekana kwa macho, za kugongwa na chembe za vimondo na takataka za angani. Rangi nyeupe ya aina moja ilirudi ikiwa na sura mbili. Upande wa nyuma wa mwendo ilikuwa imegeuka kahawia kwa miale ya urujuanimno. Upande wa mbele ilibaki nyeupe, kwa sababu atomi za oksijeni zilizopo kwenye mizunguko ya chini zilikuwa zikikwangua tabaka lililoharibika kila lilipojitokeza.

Jambo hilo unaweza kulihamishia moja kwa moja kwenye modeli. Weka nukta ndogo sana za rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyokolea, kwenye mabamba ya nyuma. Zitandaze kwa brashi bapa iliyolowanishwa kidogo kwa thina ya enameli (kimiminiko cha kuzimulia rangi za enameli, ambazo si za maji) hadi libaki vumbi la rangi tu. Fanya bamba moja kwa wakati na uyaache mengine bila kuyagusa. Mabamba ya mbele yaache na weupe wake, kisha yape vitobo: nukta za kijivu cheusi kwa ncha ya brashi namba 000, zikiwa nyingi puani na chache kadiri unavyorudi nyuma. Mwaka 1983 kidirisha cha chombo cha Challenger kilichimbwa na kibanzi cha rangi kilichokuwa kikielea angani, na ikabidi kibadilishwe. Kwa hiyo alama hizo si urembo wa kubuni.

Dhana: michirizi yote hushuka chini

Hushuka chini penye mvuto pekee. Chombo kinachopita kwenye hewa huchirizika kutoka puani kwenda mkiani, na kilichoegeshwa huchirizika kwenda ardhini kuanzia kwenye bawaba, mabomba na vifuniko. Kile kisichoondoka kwenye ombwe hakichiriziki kabisa. Kinachovuja humo hutawanyika na kuacha doa la mviringo kuzunguka tundu lilipotokea. Vijiinjini vya kugeuzia chombo huacha kivuli chenye umbo la upepeo wa mkono, kikielekea upande vinakotemea.

Kama chombo chako kinaruka na pia kinaegeshwa, fanya tabaka mbili. Anza na michirizi mirefu na hafifu ya mwendo, kisha mifupi na iliyokolea zaidi ya maegesho. Weka nukta ya rangi ya mafuta, isubiri dakika 10 hivi ianze kukamata, halafu ivute kwa brashi bapa kwa pigo moja bila kurudia. Pigo la pili ndilo hugeuza mchirizi kuwa uchafu uliopakwa.

Dhana: mifereji ya mabamba ijazwe nyeusi ili modeli "iongee"

Kabla ya kuchagua rangi, piga hesabu. Mfereji, yaani mstari uliochongwa mabamba yanapokutana, wenye upana wa milimita 0.2 kwenye modeli ya 1:72 (ndogo mara 72 kuliko chombo kamili) ni pengo la sentimita 1.4 kwenye chombo kamili. Kwenye 1:144 ni karibu sentimita 3, na kwenye 1:1000 ni sentimita 20, pengo ambalo mkono wa mtu ungepita. Kadiri uwiano unavyozidi kuwa mdogo, mfereji wenyewe tayari umetiwa chumvi na mtengenezaji wa seti ya vipande vya modeli, na ukiujaza nyeusi unazidisha. Kwenye 1:1000 tumia rangi iliyokolea kuliko bamba kwa hatua moja au mbili tu. Kwenye bamba jeupe inatosha kijivu cha kati, na kwenye la kijivu, kijivu chenye kahawia kidogo. Nyeusi iache kwa mapengo yenye kina halisi, kama milango ya mizigo na viungo vya miguu ya kutua.

Hesabu hiyo hiyo inahusu mikwaruzo. Kibanzi (alama ya rangi iliyobanduka) cha nusu milimita kwenye 1:72 ni sentimita 3.6, kitu cha kawaida kwenye kona ya mlango. Kwenye 1:1000 ni shimo la nusu mita.

Rangi ya mifereji yenyewe ni enameli au rangi ya mafuta iliyozimuliwa hadi iwe nyepesi karibu na maji: sehemu 1 ya rangi kwa sehemu 9 za thina ni mwanzo mzuri. Gusa mfereji kwa ncha ya brashi na rangi itakimbia yenyewe. Hilo hutokea pale tu panapokuwa na vanishi ya kung'aa chini yake. Juu ya rangi isiyong'aa, rangi hiyo nyepesi hunyonywa pembeni na kuacha kivuli kisichofutika. Subiri nusu saa hivi, kisha futa ziada kwa kijiti chenye pamba kilichoguswa thina. Kwenye chombo kinachoruka hewani, futa kufuata mwelekeo wa upepo ili hata masalia yawe na maana.

Dhana: enameli na thina yake haziwezi kudhuru plastiki

Seti nyingi ni za plastiki ya polistirini, nyingine zina vipande vya ABS, aina nyingine ya plastiki, hasa kwenye viungo vinavyozunguka. Thina ya enameli ikipenya kwenye kiungo kilichobanwa kwa nguvu, plastiki hupasuka, mara nyingi siku inayofuata wakati umeshasahau. Usiruhusu rangi ya mifereji ijikusanye kwenye matundu ya kubania. Legeza pini zilizobana kwa kuzikwangua kidogo kabla ya kuunganisha, na funika plastiki yote kwa praima (rangi ya kwanza ya kutangulia nyingine) na rangi kabla ya kuchakaza.

Hapa pia ndipo mpangilio wa tabaka unapoamua kila kitu. Kimiminiko cha tabaka la juu hakitakiwi kuyeyusha la chini. Laka, yaani rangi yenye kiyeyusho kikali, iwe chini, akriliki, rangi ya maji, juu yake, enameli na rangi za mafuta juu ya vanishi ya akriliki. Ukipuliza laka kwa wingi juu ya enameli, itaikunja mikunjo, na hapo hakuna dawa ila kuondoa rangi yote.

Dhana: mkono mmoja mzito unafunika vizuri kuliko mitatu myepesi

Mkono, yaani tabaka moja la rangi, ukiwa mzito hujaa kwenye mifereji, huchirizika kwenye kona na hukauka juu wakati ndani bado ni laini. Piga mikono 3 au 4 myepesi, ukiacha dakika 10 hadi 15 kati yake. Kwa brashi ya hewa (kifaa kidogo cha kupulizia rangi) yenye pua ya milimita 0.3, shinikizo la baa 1 hadi 1.4 na umbali wa sentimita 10 hivi hufaa kwa akriliki iliyozimuliwa. Ukisogea mbali sana rangi hukauka hewani na kutua ikiwa vumbi lenye mkwaruzo.

Na si lazima uwe na brashi ya hewa. Kopo la kupuliza kwa rangi ya msingi, likitumiwa kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, pamoja na sponji na brashi mbili nzuri, vinatosha kutoa modeli bora.

Dhana: chombo cheupe hupakwa nyeupe

Nyeupe safi kwenye modeli ndogo huonekana kama plastiki isiyopakwa, na haikuachii nafasi ya kung'arisha chochote zaidi. Changanya matone 9 ya nyeupe na 1 la kijivu hafifu kwa rangi ya msingi. Kisha, kwa kila matone 10 ya mchanganyiko huo, ongeza tone 1 la kijivu, bluu au kaki, zuia mabamba machache kwa tepu ya karatasi na upulize mkono mmoja. Tofauti ionekane ukitazama kwa makini tu. Kama inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba, imezidi.

Vyombo vya Space Shuttle vilikuwa hivyohivyo. Vigae vyeusi vya tumboni vilipauka kadiri vilivyoruka, na kila kilichobadilishwa kilikaa kikiwa cheusi zaidi ya jirani zake. Tangi lao la nje la mafuta lilipakwa nyeupe kwenye safari mbili za kwanza, mwaka 1981, kisha likaachwa na rangi ya chungwa ya povu lake ili kupunguza takriban kilo 270. Povu hilo nalo lilikoza rangi kwa jua. Mabamba yanayotofautiana yana msingi kamili kwenye anga halisi, mradi yawe machache na yasiwe na mpangilio wa ubao wa drafti.

Dhana: rangi ikibanduka, chini kuna kahawia

Chini ya rangi kuna praima, na chini ya praima kuna kile chombo kilichojengwa nacho. Kwa alumini, kibanzi chenye kina ni kijivu cha metali na cha juujuu kinaonyesha praima, ambayo kwenye vyombo vya kuruka mara nyingi huwa ya kijani-manjano. Kwa nyuzi za kaboni ni kijivu cheusi. Vibanzi hukaa pale mikono, zana na vyombo vingine vinapogusa: kingo za vifuniko vya mafundi, malango ya kuunganishia, ngazi, nyayo za miguu ya kutua. Katikati ya bamba tupu hakuna aliyegusa.

Kutengeneza vibanzi kwa sponji, chovya kwenye rangi kipande kilichochanwa, si kilichokatwa, kisha kikandamize kwenye karatasi hadi kiache vitone hafifu ndipo uguse modeli. Kwa spirei ya nywele: piga rangi ya metali ya laka, ikauke kabisa, puliza spirei mikono miwili myepesi, kisha akriliki ya maji juu yake. Ndani ya saa moja lowanisha sehemu ndogo kwa maji, subiri kidogo, sugua kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Ukitumia laka juu, maji hayatapenya na hakuna kitakachobanduka. Ukimaliza, funga kwa vanishi kabla ya dekali (alama na maandishi yanayobandikwa kwa maji), maana spirei iliyobaki chini bado inayeyuka kwa maji na dekali huja na maji mengi.

Dhana: midomo yote ya injini ina masizi na bluu

Masizi hutoka kwenye mafuta yenye kaboni, kama mafuta ya taa. Injini ya hidrojeni na oksijeni hutoa mvuke wa maji na haiachi masizi. Amua kwanza chombo chako kinachoma nini.

Rangi za joto zina mpangilio wake, na wengi huugeuza. Chuma kikipashwa huanza manjano hafifu kwenye nyuzi joto 220 hivi za selsiasi, hupita kahawia na zambarau, na hufika bluu karibu na nyuzi 300. Kwa hiyo bluu ikae karibu na penye moto, manjano mbali nao. Tumia rangi angavu zinazopitisha mwanga juu ya metali iliyopakwa kwenye msingi mweusi wa kung'aa. Anza na manjano pana, kahawia na zambarau zifuate kwa bendi nyembamba, bluu iwe ya mwisho na nyembamba kuliko zote.

Dhana: akriliki ni ya maji, haihitaji barakoa

Maji hayaondoi hatari ya matone madogo ya rangi na resini yanayoelea hewani na kuingia mapafuni. Vaa barakoa yenye vichujio vya chembe. Kwa laka na enameli ongeza vichujio vya mvuke, fungua madirisha na usiwe na moto karibu. Jambo hili lisilegezwe hata kwa mkono mmoja wa haraka.

Dhana: vanishi ya mwisho hufunga kila kitu bila kubadili chochote

Hubadili. Vanishi isiyong'aa hupausha kidogo rangi nzito na humeza sehemu kubwa ya rangi ya unga. Ukitaka masizi ya unga, yaweke baada ya vanishi na usiyaguse tena, au yaweke mara mbili ya unavyotaka kabla yake. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi vanishi hiyo inaweza kukauka na ukungu mweupe, basi ahirisha. Dekali ziwe zimeshawekwa juu ya tabaka la kung'aa kabla ya rangi ya mifereji na michirizi. Zikiwekwa juu ya rangi yenye mkwaruzo hunasa viputo vya hewa vinavyotoa mng'ao wa fedha, na vanishi ya juu haiufichi. Ukiuona mapema, toboa dekali kwa ncha ya sindano na uongeze kilainishi cha dekali. Tepu za vidirisha ziondolewe baada ya vanishi kukauka, si kabla, la sivyo vioo vyote vitafifia.