Sanaa ya kufunza: maana yake, na mifano ya Kanda ya Ziwa

Sanaa ya kufunza ni kazi iliyotungwa makusudi ili anayeisoma, kuitazama au kuisikiliza aondoke na maarifa au mwenendo fulani. Uzito uko kwenye hayo makusudi. Darasani tumezoea kuulizwa "hadithi hii inatufundisha nini?", na ni kweli karibu kila hadithi ukiichimba utapata funzo. Lakini kuwa na funzo si sawa na kutungwa kwa ajili ya funzo. Mtunzi wa kazi ya kufunza huanza na somo, ndipo hutafuta wahusika, vina au picha za kulibeba.

Jambo hili ni la kale. Virgil, mshairi wa Roma, alitunga shairi refu kuhusu kilimo, mifugo na nyuki. Pwani kwetu, Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 kumuusia binti yake. Usukumani nako, Bayeye, yaani chama cha wacheza na nyoka, walikuwa na michoro ukutani ambayo wanachama wapya walifundishwa kwayo. Mtafiti Hans Cory aliichapisha katika kitabu mwaka 1953.

Kwangu mfano mkubwa kuliko yote ni wa Ukerewe, ng'ambo ya maji ukitoka Mwanza mjini. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, ili mila za wazee wake zisipotee. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Bugonoka amerudishwa kwao kwa kukosa mtoto, na Myombekere anapomfuata mkewe, wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Basi pombe inapikwa, nasi tunaonyeshwa namna ya kuipika. Msomaji anajifunza kazi ya pombe huku roho iko juu, maana bila pombe ile mke harudi. Somo na kisa vimeshonwa pamoja, huwezi kutoa kimoja ukabaki na kingine.

Hapo ndipo tamthilia nyingi za kampeni zinapoanguka. Mhusika anapewa jina la majazi, yaani jina linalotaja tabia yake, kama Bwana Tamaa au Bi Subira, anasimama katikati ya jukwaa na kusoma ujumbe kama tangazo la zahanati. Watoto wanapiga makofi, wanakwenda zao. Kosa si kuwa na somo. Kosa ni kwamba hakuna kilicho hatarini, hivyo hakuna cha kumfanya mtazamaji ajali.

Mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, ulilijua hilo. Ulikuwa na somo la uzazi wa mpango na UKIMWI, lakini ulilibebesha watu. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, alisikilizwa wiki baada ya wiki hadi maradhi yakamfika. Wasikilizaji waliona matokeo yakija polepole, kama yanavyokuja kwa jirani. Watafiti waliuacha mkoa wa Dodoma bila matangazo hayo hadi 1995, ili waulinganishe na mikoa iliyokuwa ikiyapata.

Kuna namna nyingine, ambayo hata somo lenyewe halijaamuliwa mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, Kwimba. Wanakijiji ndio waliotaja yanayowasumbua, mimba za wasichana wa shule zikiwamo. Ngoma na maigizo vikatengenezwa kutokana na hayo, vikachezwa mbele ya kijiji, na baada ya onyesho watu walibaki palepale kujadili wafanye nini.