Meru na Little Meru: yanayosemwa mjini na yaliyoko mlimani

"Meru ni mazoezi tu ya Kilimanjaro." Utaisikia kila kona ya Arusha, na si uongo mtupu: wengi huupanda Meru kwanza ili mwili uzoee hewa nyepesi. Shida huanza pale mtu anapodhani mazoezi maana yake mteremko. Ni kweli Meru una mita 4,562 na Kilimanjaro 5,895, lakini ugumu wa njia hausomwi kwenye urefu wa mlima. Usiku wa kilele unaondoka kibanda cha Saddle, mita 3,570, na mbele yako kuna karibu mita 1,000 za kupanda gizani. Ukishafika Rhino Point, kituo cha njiani, ukaanza kujipongeza, njia inakushusha kidogo, kisha unapanda upya juu ya ukingo mwembamba wa kasoko, lile shimo la volkano. Kushoto ni genge. Tochi ya kichwani inamulika visigino vya aliye mbele na majivu yanayoteleza chini ya buti. Kwingine ni mwamba, na mikono inafanya kazi sawa na miguu. Njia ya Marangu kule Kilimanjaro haikupitishi pembamba namna hiyo.

"Little Meru ni kilele cha walioshindwa." Hapana! Kina mita 3,820, mwendo wa kama saa moja kutoka Saddle, na hupandwa mchana, kabla ya usiku wa kilele kikubwa. Mwili unaonjeshwa hewa ya juu, kisha unarudishwa chini kulala. Wapo wanaobaki kitandani eti wanatunza nguvu. Mimi nakiona ni kipimo kizuri kuliko chochote: kama mita 250 tu zimekuachia kichwa kinachogonga, mwambie kiongozi wako jioni hiyo hiyo, usingoje saa kumi alfajiri ukiwa ukingoni.

"Nakimbia marathoni, mwinuko hautaniweza." Ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na hewa nyepesi ya juu, hauangalii mazoezi yako. Dalili zinaweza kuanza kwenye mita 2,500 hivi, na kibanda cha kwanza, Miriakamba, kiko hapo hapo. Tena wenye miguu mizuri ndio hupata taabu wakipuuza ile "pole pole" ya wapagazi. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, usiendelee kupanda. Ukianza kuyumba kama mlevi, au pumzi ikikata hata umekaa, shuka saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke.

"Askari wa bunduki ni wa majambazi." Askari wa hifadhi anayepanda nanyi ni wa nyati na tembo, wanaozurura tangu geti la Momella, njia inapoanzia, hadi ndani ya msitu. Usimwache nyuma.

"Ile volkano ilishakufa." Imetulia tu. Mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910, na ndani ya kasoko utaiona Ash Cone, kilima cha majivu kilichochomoza baada ya ubavu wa mashariki wa mlima kuporomoka.

"Kilele kikishapatikana, kazi imekwisha." Waulize magoti. Siku hiyo hiyo ya kilele unashuka hadi Miriakamba, zaidi ya mita 2,000, na waliochukua safari ya siku 3 huunganisha mpaka getini, mita 3,000 na ushei. Beba fimbo mbili, na kata kucha za miguuni kabla hujatoka Arusha.