Besi kupiga solo: solo ni kazi, si gitaa

Juzi kwenye mazoezi ya bendi pale Kaloleni, Arusha, nimelisikia tena. Mpiga besi aliomba aachiwe mizunguko minane apige solo. Kijana wa gitaa akamjibu, "Kaka, besi haipigi solo. Solo si hili hapa?" huku akiligonga gitaa lake kwa vidole. Wenzake wakaafiki. Hakusema kwa ubaya, lakini kauli hiyo nimeshaisikia mara nyingi mno, Arusha na Moshi, na inawanyima vijana muziki mzuri sana.

Nazungumzia besi kuongoza katika jazi ya fyuzheni, ile iliyochanganywa na roki na fanki tangu mwishoni mwa miaka ya 1960: yaani besi ya umeme kubeba melodi ambayo kwa kawaida ingebebwa na saksafoni, tarumbeta au gitaa. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Shida iko kwenye neno solo. Ni la Kiitaliano, maana yake "peke yake". Besi nalo limetufikia kupitia Kiingereza, na huko Italia ni basso, yaani "chini". Moja linataja sauti inakaa wapi, jingine linataja nani yuko mbele kwa wakati huo. Hayagombani hata kidogo. Ila bendi zetu za dansi ziliyaita magitaa kwa kazi zake, solo, rithim na besi, na miaka ilivyokwenda kazi ikawa jina la chombo.

Sikiliza albamu ya 1976 ya Jaco Pastorius, mpiga besi wa Marekani, yenye jina lake. Inafunguliwa na wimbo Donna Lee, ambao Charlie Parker aliurekodi 1947 kwa saksafoni. Jaco anaupiga kwa besi, na anayemsindikiza ni Don Alias na ngoma zake za konga tu. Hakuna piano, hakuna gitaa. Besi inautamka wimbo mzima, silabi kwa silabi.

Mwaka huohuo akaingia Weather Report, bendi isiyokuwa na mpiga gitaa kabisa. Kwenye wimbo wao Birdland wa 1977, ile melodi nyembamba ya mwanzoni ambayo wengi huapa ni gitaa, ni besi yake. Mkono wa kushoto umekandamiza uzi, dole gumba la kulia linaugusa kidogo tu, kidole kingine kinaukwanyua, na unatoka mlio wa juu kama filimbi.

Halafu kuna jambo ambalo hata wapiga besi wenyewe hulichanganya. Kuachiwa mizunguko minane katikati ya wimbo, kisha ukarudi chini, ni zamu yako ya solo. Kuongoza ni pale wimbo wenyewe unapokaa kwenye besi. School Days ya mpiga besi Stanley Clarke, nayo ya 1976, iko hivyo: toa besi yake uone kama utabaki na cha kupiga mluzi ukirudi nyumbani.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kaloleni, endelea kuliita gitaa lako solo. Ni jina la wazee wetu na nalipenda. Ila kaka yako wa besi akiomba solo, hajaomba gitaa lako. Ameomba mumpishe mbele kwa mizunguko minane.