Wakili wa kununua nyumba Uingereza: leseni peke yake haitoshi

Wabongo na Wakenya wengi huku wanaamini wakili akishakuwa na leseni basi anaweza kukushughulikia nyumba ya mogeji (mkopo wa nyumba) ya benki yoyote ile. Inaeleweka, maana leseni ni leseni. Ila England na Wales wakili wako kwa kawaida anaiwakilisha na benki pia, kwahiyo benki inakuwa na paneli yake, yaani orodha ya ofisi inazozikubali, na kila benki ina masharti yake: bima ya makosa ya kikazi, rekodi safi, na baadhi hawachukui ofisi ya wakili mmoja peke yake. Ofisi inaweza kuwemo kwenye paneli ya benki A ila ya benki B isiwemo, au ikatolewa baadae.

Wakili wako asipokuwemo kwenye paneli sio mwisho wa safari, benki inaweza kujiwekea wakili wake tofauti, tatizo bili mara nyingi inakuangukia wewe na mambo yanachelewa. Kucheki ni rahisi: kabla hujalipa hata pauni moja mtumie wakili imeili na jina la mkopeshaji kama lilivyoandikwa kwenye ofa (benki moja inaweza kukopesha kwa majina mawili matatu), halafu iulize na benki yenyewe. Leseni nayo iangalie kwenye rejista ya mtandaoni, ni bure.